Bi Faini na Kura ya Orrin

Mashine ya kuhesabia kura imeletwa wiki iliyopita, nayo imewekwa pale pale palipokuwa na sanduku letu la mbao. Ni ya kijivu. Unaitia karatasi, inaimeza, inalia kidogo, kwisha habari. Fundi aliyekuja kutufundisha alisema sasa hakutakuwa tena na kosa la binadamu. Nikamwuliza kama amewahi kuliona kosa la binadamu likoje. Akacheka, akidhani namtania.

Mimi ni Rhoda Pike, karani wa mji wa Pennock, huku Vermont ya kaskazini. Naandikisha vizazi, vifo, ndoa na leseni za mbwa, na kila Jumanne ya kwanza ya Machi nasimamia uchaguzi wa mji. Kiti hiki nimekikalia miaka ishirini na mitatu. Kabla yangu kilikuwa cha Verna Goodsell, na namna nilivyokipata sijawahi kuisimulia yote. Sasa sanduku limepelekwa stoo, na naona nisiposema leo nitazikwa nayo.

Verna alikuwa mfupi, mpana, mwenye sweta moja la buluu kwa shughuli zote za serikali. Mjini tulimwita Bi Faini, wengine mbele yake, wengi nyuma yake. Jina hilo alilipata kwa haki. Nusu saa kabla ya kufungua mlango wa ukumbi siku ya uchaguzi, alikuwa akitusimamisha wasimamizi wote sita mbele ya jiko la kuni, na makoti yetu mwilini, anavaa miwani, anafungua kitabu cha kanuni ukurasa wa mwisho, ule wa adhabu. Kurasa nyingine hakuzisoma.

"Kazi yenu mnaijua," alikuwa akisema. "Mnachosahau ni kitakachowapata."

Halafu anasoma taratibu, bila kupandisha sauti. Mstari wa kwanza: msimamizi atakayeondoka kwenye sanduku bila kumwachia mwenzake. Wa pili: msimamizi atakayeona kosa likitendeka akanyamaza. Wa tatu: msimamizi atakayeacha karatasi ya kura itoke chumbani. Wa nne: msimamizi atakayefunua kura mbali na macho ya watu. Faini, na kuzuiwa kusimamia uchaguzi kwa miaka mitano. Akimaliza anatutazama mmoja mmoja, na hatoki mbele yako mpaka useme, "Nimesikia."

Hakuwa na ndugu siku hiyo. Dada yake wa tumbo moja aliwahi kuja na beji ya mgombea kifuani. Verna akamrudisha kwenye theluji akaivulie huko nje. Mumewe, Lyle, alipanga foleni kama wenzake, akifika mezani anaulizwa jina.

"Jina?"

"Jamani, Verna. Si tumekunywa kahawa pamoja asubuhi?"

"Jina, bwana. Watu wanasubiri."

"Si hilo hilo unalotumia wewe. Nilikupa mwaka wa arobaini na nane, na mpaka leo hujanirudishia."

Ukumbi mzima unacheka. Verna hacheki. "Goodsell, Lyle," anatamka kwa sauti, anapiga mstari kwenye daftari, anamnyooshea karatasi yake. Kichekesho hicho Lyle alikirudia kila mwaka, nasi kila mwaka tulikingoja, na leo nikiukumbuka ule ukumbi, harufu ya maharage ya kuoka, soksi za sufu zikikauka karibu na jiko, na Lyle akigeuka kutukonyeza, natamani kulia. Sijui kama tulikuwa watu wazuri kuliko sasa. Nadhani tulikuwa tunaonana zaidi, basi.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao ya mwaloni, na juu yake mkono wa chuma. Mpiga kura anaingiza karatasi kwenye koo la sanduku, msimamizi anavuta mkono, karatasi inavutwa ndani na kengele inalia. Ting. Ukisikia kengele unajua mtu amesema lake.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kengele haikuwahi kumlilia. Aliitwa Orrin Kittredge, mchemsha sukari ya miti, ile inayopatikana kwa kuchemsha utomvu wa miti, akiishi juu kabisa ya barabara ya kilimani na mkewe Hester. Mwaka wa hamsini na tatu baba yake aligombea ujumbe wa baraza la mji, na Orrin akampigia kura kwa alama ya vema. Sheria ya siku zile ilitaka alama ya mkasi, mistari miwili iliyopishana. Orrin shuleni alikuwa amefundishwa kwamba mkasi ni wa jibu lililokosewa, sasa angemwekeaje baba yake mkasi? Karani wa wakati huo akaitupa kura ile, na mzee akashindwa kwa kura moja.

Tangu hapo, kila Machi, Orrin alishuka mlimani, akataja jina lake, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia, akatoka akiwa ameikunja na kuitia mfukoni, akaenda zake. "Kura ni yangu," alisema, "nami naondoka nayo." Ndiyo maana Pennock kila tukihesabu kura, karatasi zilipungua moja kuliko majina ya daftarini. Mtu anasema, "Ya Orrin," tunacheka, tunafunga hesabu. Ilikuwa desturi. Hata mtu akipoteza glavu moja mjini hapa watu walisema imekuwa kura ya Orrin.

Na Verna, Bi Faini mwenyewe, aliyejua mstari wa tatu kwa moyo? Verna alikuwa akimwambia, "Sanduku liko pale, Orrin," naye anajibu, "Naliona, Verna," na anamwacha apite. Nilimwuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Yule mtu alionewa na meza hii ninayokalia." Hakuongeza neno, akarudi kwenye leseni za mbwa.

Sasa mwaka wa themanini na saba.

Lyle alikuwa msimamizi wa barabara, kazi ya kuchaguliwa kila mwaka, na mwaka huo kwa mara ya kwanza alipata mpinzani wa kweli. Alikuwa Duane Fisk, ambaye gari lake lilikuwa limezama kwenye tope mwaka uliopita, theluji ikiyeyuka, likakaa siku nne, naye akaapa kwamba greda la mji litapata dereva mwingine. Mji ukagawanyika nusu kwa nusu. Verna hakutaka kusikia neno juu ya jambo hilo. Siku ile alitusomea ukurasa wa adhabu, tena nadhani aliusoma polepole kuliko kawaida.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, na zamu yangu ilikuwa kwenye sanduku. Nilivuta ule mkono asubuhi nzima. Ilipofika saa nane mchana ukumbi ulikuwa umepoa. Nikamtazama Verna. Alikuwa kwenye daftari tangu asubuhi, hajatia kitu mdomoni, maana hakuwahi kuondoka kwenye kiti chake siku ya uchaguzi, na uso wake ulikuwa umepauka. Jikoni, nyuma ya ukumbi, wanawake walikuwa wakiuza chakula. Nikatazama huku na huku. Watu watatu, wote wanasoma matangazo ukutani. Nikasema moyoni, dakika mbili.

Nikaenda jikoni, nikachukua kipande cha pai la tufaha na jibini pembeni, nikampelekea. Akaitazama sahani. Akanitazama mimi.

"Asante, mwanangu," akasema, akachukua uma.

Niliporudi, Orrin Kittredge alikuwa kando ya sanduku akifunga vifungo vya koti.

"Mzee Orrin, umeshachukua mali yako?" nikamtania.

"Nimeshamaliza," akasema, akagusa kofia, akatoka.

Nimeshamaliza. Mtu mwenye akili angelisikia neno lile. Mimi nililiacha lipite.

Saa moja jioni tulifunga mlango tukahesabu. Majina daftarini mia mbili na kumi na nne. Karatasi mia mbili na kumi na tatu. "Ya Orrin," akasema mtu, tukacheka kama kawaida. Lyle Goodsell kura mia moja na saba, Duane Fisk mia moja na sita. Verna aliyasoma matokeo kwa sauti ile ile ya kusomea adhabu. Lyle alipokuja kumkumbatia alimwambia asubiri mpaka atie saini.

Kesho yake asubuhi, Jumatano, mimi na yeye tulirudi kusafisha. Nililifungua sanduku juu ili nilipake nta, kama tulivyofanya kila mwaka kabla ya kulihifadhi. Ndani ya koo, kati ya ubao na chuma, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilielewa papo hapo. Mtu aliiingiza bila mkono wa chuma kuvutwa. Kengele haikulia, karatasi haikushuka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuvuta.

"Bi Verna."

"Nini?"

"Njoo uone."

Alikuja akijifuta mikono. Akainama, akakaa ameinama muda mrefu. "Usiiguse," akasema.

"Ni ya Orrin hii. Aliniambia amemaliza, mimi nikadhani..."

"Labda ni yake. Labda si yake."

"Bi Verna, Lyle kashinda kwa kura moja."

"Najua kashinda kwa ngapi. Nilihesabu mimi."

"Jiko linawaka pale." Sikuamini kwamba sauti ile ilikuwa yangu. "Tuko wawili tu humu, na mimi sijaona kitu."

Aliniangalia vile alivyokuwa akituangalia mbele ya jiko. "Nilikusomea nini jana, Rhoda?"

"Ulisoma. Ila hii itakuondoa kwenye kazi. Na Lyle itamwondoa kwenye greda. Walau tuifungue kwanza, tujue."

"Kufunua kura mbali na macho ya watu," akasema. "Mstari wa nne. Niletee simu."

Akawapigia wajumbe watatu wa baraza, akampigia na mwanasheria wa jimbo. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya lile sanduku lililo wazi, na koti lake limekunjwa magotini, mpaka wakaja kulifunga kwa lakiri. Lyle alifika na greda akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo nimeshinda ama sijashinda?"

"Sijui."

"Si ungechungulia tu kidogo, mke wangu."

"Nenda kapitishe greda kwa Fisk," akamwambia. "Kunateleza kule."

Ijumaa saa nne asubuhi ukumbi ulijaa kuliko siku ya uchaguzi wenyewe. Duane Fisk alikaa mbele, ameoga, amechana nywele. Kama karatasi ile ilimchagua yeye, ingekuwa sare, na sare inaamuliwa kwa kuchomoa jina kwenye kofia. Mwanasheria alikuwa bwana mmoja mpole mwenye viatu vya mjini vilivyokwisha kulowa tope. Alivunja lakiri, akaitoa karatasi, akaifungua, akaiinua juu tuione.

"Msimamizi wa barabara," akasoma, "patupu."

Ukumbi ukashusha pumzi. Duane akatukana kidogo. Lyle alikuwa bado ni Lyle wa greda.

"Mjumbe wa baraza, patupu. Mweka hazina, patupu. Konstebo, patupu." Akasita. "Karani wa mji. Verna Goodsell. Alama ya mkasi."

Verna hakuwa na mpinzani mwaka ule. Hakuna aliyejishughulisha kumpigia kura kwa nguvu namna ile. Ule mkasi ulikuwa umekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Orrin akasimama. "Ni yangu hiyo," akasema. "Hester wangu alifariki Januari. Nilidhani nitashuka hapa mjini kuandikisha kifo. Verna alipanda kwangu na theluji imefika kiunoni, akaandikia mezani kwangu. Pale penye kazi ya marehemu nikamwambia, weka mama wa nyumbani. Akaniuliza, 'Orrin, sukari ile miaka arobaini ulikuwa ukichemsha peke yako?' Akaandika mchemsha sukari. Nikasema, haya, huyu nitampigia. Nimeweka mkasi safari hii, si vema. Angalieni wenyewe."

Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, na machozi yakinitoka, nikidhani imekwisha, tumepona. Ingekwisha pale ningekuwa mtu mwingine leo.

Mwanasheria alingoja makofi yaishe. "Nina swali moja tu, Bi Goodsell. Daftari lilikuwa na majina mia mbili na kumi na nne, karatasi zilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Kwa nini hamkuitafuta ile moja usiku ule ule?"

Verna alifungua mdomo. Orrin akamtangulia.

"Bwana, usimwonee mama huyu," akasema. "Kosa si lake hata kidogo. Kila mwaka inapungua moja, kila mtu anajua. Huwa naondoka nayo mimi." Na kwa sababu alitaka kumwokoa, na kwa sababu alijua mtu wa mjini haamini neno tupu, alikuwa amekuja na ushahidi. Akatoa chini ya koti lake bati la biskuti, akalifungua, akaliweka mezani. Ndani yake zilikuwamo karatasi za kura thelathini na tatu, zimepangwa kwa miaka, zimefungwa uzi. "Hizi hapa. Zote ziko salama. Sijapoteza hata moja."

Mwanasheria akazishika zile karatasi, akageuza moja moja. Ishirini na nane zilikuwa na muhuri wa Verna.

Verna alivua miwani. "Ni kweli," akasema. "Nilijua. Kila mwaka nilimwona akitoka nayo."

"Mtu mwenye kanuni kama wewe?" Mwanasheria aliuliza kwa masikitiko, si kwa kejeli.

"Mtu mwenye kanuni kama mimi."

"Na kwenye sanduku siku hiyo alikuwepo nani?"

"Sanduku ni la karani."

"Nauliza aliyekuwa pale kwa zamu."

"Nami nakujibu. Sanduku ni la karani."

Mimi nilikuwa safu ya tatu, mikono magotini. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na mume aliyekuwa amesimamishwa kazi kiwandani. Hizo ndizo sababu nilizojipa kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mwoga hakosi sababu. Mwanasheria aliyatembeza macho ukumbini, akafika kwangu, akapita. Sikusimama.

Orrin alikuwa bado ameshika kifuniko cha bati. "Verna," akasema, "nimefanya nini?"

Verna aliinuka, akamwendea, akamfunika mkono kwa mkono wake. "Umepiga kura, Orrin. Basi, ndicho ulichofanya."

Hukumu ilikuja kwa barua wiki mbili baadaye, faini na miaka mitano, kama ulivyosema ukurasa. Hakungoja barua. Jumatatu iliyofuata aliniletea funguo, sweta lake amelikunja juu yake kama mtu anayerudisha sare. Wajumbe wakaniweka mimi nishikilie, na mwaka uliofuata mji ukanichagua. Kura ya kwanza aliyopiga Orrin Kittredge tangu mwaka wa hamsini na tatu ilimchagua Verna Goodsell, na ndiyo iliyomtoa, nami niliyesababisha ikwame ndiye niliyekalia kiti.

Orrin hakuchukua tena karatasi nyumbani. Alipiga kura kila mwaka mpaka alipofariki, na akisikia kengele anauliza, "Imelia?" nasi tunamjibu, "Imelia, Mzee."

Verna naye alikuja kila mwaka, mpiga kura kama wenzake. Mwaka wa kwanza nilimwuliza jina nikitazama daftari.

"Goodsell, Verna," akatamka sawasawa, nikaona kwamba alifurahi kuulizwa. Lakini alipokuwa akielekea mlangoni aligeuka. "Rhoda. Kuna mtu kwenye sanduku?"

"Yupo, Bi Verna."

Akaitikia kwa kichwa akaenda. Mwaka uliofuata akauliza vile vile. Na uliofuata. Miaka kumi na minane aliniuliza swali lile lile, nami kila mara nilisikia mwiba. Niliona ananikumbusha deni. Kuna Machi nyingine niliamka asubuhi nikitamani asije, na alipokuja nilijichukia kwa kutamani hivyo.

Mwaka wa kumi na tisa hakuja. Moyo wake ulikuwa umechoka, amelazwa sebuleni kwake, karibu na dirisha la barabarani ili aone greda likipita. Kanuni zinaruhusu wasimamizi wawili kumpelekea mgonjwa karatasi nyumbani. Nilikwenda mimi na Duane Fisk, ambaye uzee ulikuwa umemfanya msimamizi mzuri kweli.

"Duane akae pale mlangoni," Verna akasema kutoka kwenye mto. "Atuone, asitusikie. Lyle, mpe kahawa."

"Jina?" nikamwuliza.

"Goodsell, Verna." Akaweka alama zake, amenipa mgongo nisione. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba. Aliponikabidhi hakuiachia.

"Kuna mtu kwenye sanduku?"

Nilitaka kusema yupo. Badala yake nikasema, "Siku ile hakukuwa na mtu. Nilikuwa mimi, Bi Verna, nikaondoka. Ulinificha mbele ya mji mzima, nami nikakaa kimya nikachukua kiti chako. Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya kosa langu."

Uso wake ulionyesha mshangao wa kweli.

"Nilikuficha?" akasema. "Nani kakwambia nilikuficha?"

"Alikuuliza nani alikuwa pale..."

"Nilikula pai, Rhoda." Alipumua kidogo, akaendelea. "Uliiweka mbele yangu. Nikatazama sahani, nikatazama sanduku, pale pembeni hapana mtu. Nikaona. Mstari wa pili unasemaje?"

"Atakayeona kosa likitendeka akanyamaza."

"Nikachukua uma. Nilikuwa na njaa, na lilikuwa pai zuri. Basi nikasema la kwangu, sanduku ni la karani. Hilo lilikuwa langu." Aliiachia bahasha. "La kwako nilikuwa nakungoja uliseme mwenyewe. Nimekuuliza kila Machi."

Mlangoni Duane alikuwa akikoroga kahawa. Greda lilipita barabarani, na Verna akageuza kichwa kulitazama mpaka likapotea kwenye kona.

Nilirudi ukumbini, nikatamka jina lake kwa sauti, nikapiga mstari. Nikaingiza karatasi yake kwenye koo la sanduku, nikavuta mkono wa chuma. Kengele ikalia. Alifariki Aprili, kabla matope hayajakauka, na mimi ndiye niliyeandikisha kifo chake. Penye kazi ya marehemu niliandika karani wa mji. Miaka ile alikuwa si karani, na kanuni pengine hainiruhusu. Hilo nalo liweke kwenye hesabu ya makosa yangu.

Hiyo ni miaka minne iliyopita, na mpaka leo kosa langu sijalisema kwa mwingine yeyote. Jumanne hii tutafungua mlango saa nne. Nusu saa kabla, nitawasimamisha wasimamizi wangu sita mbele ya ile mashine isiyo na kengele, nitavaa miwani, na nitawasomea ukurasa wa adhabu. Nikifika mwisho wa mstari wa kwanza nitasimama hapo, na nitawaambia ni nani aliyeuvunja.